Kuitikia siyo kujua: Jinsi ubongo wa mtoto unavyohifadhi elimu

KUNA sauti moja ambayo mzazi akiisikia kutoka nje ya ukuta wa shule au madrasa hufurahi na kwenda zake. Ni sauti ya watoto wanaoitikia kwa pamoja. Mwalimu anauliza, "Faradhi za udhu ni ngapi?" Darasa zima linajibu, "Ni sitaaa!" Mwalimu anataja ya kwanza, watoto wanamalizia. Anataja ya pili, wanamalizia. Kipindi kinakwisha, mwalimu amekaukiwa na koo, na kila mtu ameridhika kwamba watoto wamesoma.

Hebu sasa mchukue mtoto mmoja pembeni, wa darasa la tatu, kesho yake, umwulize peke yake faradhi hizo sita. Wapo watakaotaja zote. Lakini wengi watataja mbili au tatu kisha watakutazama usoni, wakisubiri uanze neno ili walimalizie. Mtoto huyo hakudanganya jana alipokuwa akiitikia. Alichokuwa akikifanya ni kudandia sauti ya mwenzake kwa kuchelewa kidogo tu, kiasi ambacho sikio la mwalimu haliwezi kugundua. Jambo hili watoto wanalijua sana, na ni hodari mno!

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya msingi hapa Dar es Salaam, na jioni nafundisha madrasa. Chuo kikuu nilisomea elimu, na sehemu niliyoipenda zaidi ilikuwa ile inayohusu namna mtu anavyojifunza na anavyosahau. Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu siku hizi maneno "kufundisha kwa kufuata ubongo" yamekuwa mengi kwenye semina za walimu na kwenye matangazo ya shule binafsi, na ndani yake mna ya kweli na mna ya biashara. Na pia kwa sababu wapo masheikh na maustadh wenzangu ambao wakisikia habari hizi husema ni mambo ya Wazungu, sisi tuna njia yetu. Nitawajibu kwa adabu hapo mbele.

Mtihani wa Suratul Kaafiruun

Nianze na mfano ambao kila mwalimu wa madrasa anaujua. Sura hii ina aya sita, na aya ya tatu na ya tano zinafanana neno kwa neno. Mtoto aliyeihifadhi kwa kuitikia tu, ukimwambia asome peke yake, hufika aya ya tatu akarukia ya sita, au hufika ya tano akarudi ya nne, akawa anazunguka hapo kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Akiwa na wenzake hapotei, kwa sababu kundi linambeba.

Sasa mpe mtihani wa pili. Msomee aya ya nne wewe, umwambie aendelee. Mtoto wa kuitikia hawezi. Atakuomba aanze mwanzo. Kwake yeye sura ni kama mnyororo, kila pete imeshikwa na iliyotangulia, hana njia ya kuingilia katikati. Hii ni tabia ya kumbukumbu ya mwanadamu, wala si upumbavu wa mtoto. Njia ambayo ubongo umezoeshwa kuipita ndiyo inayobaki wazi. Ukimzoesha kuanza mwanzo pamoja na kundi, utapata mtoto anayeweza kuanza mwanzo pamoja na kundi, basi.

Tuangalie kwa ufupi kinachotokea kichwani. Jambo jipya likiingia, kwanza hushikwa na kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo ni finyu mno. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu mzima hushika takriban vitu saba kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan alipitia tafiti nyingi akaona hata saba ni vingi, vinakaribia vinne. Hao ni watu wazima. Mtoto wa miaka minane ana chini ya hapo. Ni kama kiganja chake: ukimjazia tende saba, nne zitaanguka, na wewe utadhani umempa saba.

Kwa hiyo mwalimu anayemwaga faradhi sita, sunna kumi na vitenguzi vya udhu katika kipindi kimoja cha dakika 40 amejitahidi, lakini amemwaga chini. Kile kilichobahatika kushikwa huanza safari ya kuwa kumbukumbu ya kudumu, na hapo sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi ndiyo yenye kazi kubwa. Safari hiyo haikamiliki kwa siku moja. Inahitaji jambo hilo liitwe tena, na tena, na kati ya wito na wito pawe na muda.

Mwaka 1885 Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima amesahau kiasi gani. Kwa kipimo chake, baada ya siku moja karibu theluthi mbili ya kazi aliyoifanya ilikuwa imepotea. Baada ya hapo usahaulifu ulipungua kasi. Maana yake ni kwamba hatari kubwa iko katika zile saa za mwanzo, wakati mwalimu bado anatembea kifua mbele kwamba amefundisha.

Muislamu hapaswi kushangazwa na habari hii. Katika Bukhari na Muslim imepokewa hadithi ambayo Mtume (s.a.w.) aliihimiza Qur'an idurusiwe kila mara, akaifananisha na ngamia waliofungwa kamba, kwamba ni nyepesi zaidi kuponyoka kuliko wao. Ebbinghaus alichora mstari wa kuonyesha kasi ya kuponyoka huko.

Kusoma tena, au kujiuliza?

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mwalimu na kila mzazi alishike. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mji wa St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma, moja ya jua na nyingine ya fisi maji. Habari moja waliisoma mara mbili. Nyingine waliisoma mara moja, kisha wakafunika karatasi na kuandika kila wanachokikumbuka, bila kusahihishwa. Walipopimwa baada ya dakika tano, usomaji wa mara mbili ulishinda, asilimia 81 kwa 75. Mwalimu wa haraka angesimama hapo akatoa hukumu. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yalipinduka: kusoma mara mbili asilimia 42, kusoma na kujikumbusha asilimia 56.

Msomaji atasema hao ni wa chuo kikuu. Ni kweli. Lakini mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya namna hiyo katika shule moja ya jimbo la Illinois, kwa wanafunzi wa darasa la sita katika somo la maarifa ya jamii, nako mambo waliyoulizwa mara kwa mara kwa maswali mafupi ndiyo waliyoyakumbuka vizuri zaidi kwenye mtihani.

Nini maana yake? Kinachoimarisha kumbukumbu ni ile juhudi ya kulitafuta jambo kichwani wakati hulioni mbele yako. Kulisikia tena na tena hakutoshi. Mtoto anayeitikia hatafuti kitu, anapewa. Mtoto aliyefunga daftari, akakunja uso, akakaa kimya kwa muda akitafuta faradhi ya nne, huyo ndiye anayesoma, japokuwa kwa mzazi aliye nje ya ukuta darasa hilo litaonekana limelala.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema haya ni mageni. Imam Zarnuji, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi aliyeishi kati ya karne ya 12 na ya 13, ana kitabu mashuhuri, Ta'lim al-Muta'allim, ambacho kinasomeshwa katika vyuo vingi hadi leo. Humo anamshauri mwanafunzi adurusu somo la jana mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, kisha mara mbili, kisha mara moja. Angalia vizuri mpango huo. Unakazana na lile jipya kwa sababu ndilo lililo karibu kuponyoka, lakini hauachi yale ya nyuma. Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, anaeleza kwamba elimu hutolewa kidogo kidogo, kwa kurudiwa, na anaonya kuwa vikao vikiachana kwa muda mrefu mwanafunzi husahau. Ameandika pia mlango mzima juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi, hususan wadogo. Na kabla ya wote hao, Mtume wetu (s.a.w.) aliwauliza Masahaba mti gani ambao majani yake hayapukutiki na umefanana na Muislamu, akawaacha watafute, mawazo yao yakazunguka kwenye miti ya porini. Ibn Umar (r.a.), aliyekuwa mdogo kuliko wote pale, jibu lilimjia moyoni kuwa ni mtende, akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Angeweza kuwaambia tangu mwanzo. Aliuliza kwanza.

Kwa mantiki hiyo, atakayeiacha njia hii kwa hoja ya kuwakimbia Wazungu atakuwa amewakimbia na akina Zarnuji.

Darasa la watoto sabini

Najua swali litakalofuata: haya yote yanawezekana vipi kwa mwalimu mmoja mwenye watoto sabini na zaidi, wengine wamekaa watatu kwenye dawati la wawili? Nieleze ninavyofanya, atakayeona linafaa alichukue.

Kipindi changu huanza kwa maswali matatu, madaftari yakiwa yamefungwa. La kwanza ni la somo lililopita, la pili la wiki iliyopita, la tatu la mwezi uliopita. Kila mtoto ana kibao chake, nacho ni kipande cha boksi gumu kilichopakwa rangi nyeusi ya ubao. Wazazi wametengeneza wenyewe. Nikiuliza, hakuna kunyoosha kidole wala kuitikia. Kila mmoja anaandika, na nikisema "Inueni" vibao sabini vinapanda juu kwa pamoja. Kwa kutupa jicho mara moja najua nani anajua, nani amechungulia kwa jirani, na ni swali gani lililowashinda wengi. Hili la mwisho ndilo lenye thamani kwangu. Likiwashinda wengi, somo jipya linasubiri.

Kisha nawafundisha jambo dogo. Faradhi sita za udhu nazigawa tatu leo na tatu kipindi kijacho, na tunatoka uani na ndoo na kopo. Anayeosha mikono anaosha hadi kwenye viwiko huku wenzake wakitazama kama maji yamefika. Mwili ukifanya jambo ambalo ulimi unalitaja, akili inapata njia mbili za kulirudia badala ya moja. Baada ya hapo wanakaa wawili wawili, mmoja ni mwalimu na mwingine mwanafunzi, kisha wanabadilishana. Kelele inakuwepo, tena kubwa, na mwalimu wa darasa la jirani amekwishalalamika mara kadhaa. Lakini katika kelele ile watoto thelathini na tano wanatafuta jibu kwa wakati mmoja, na dakika tano zinatosha.

Kuitikia kwa pamoja sikukuacha kabisa. Kunafaa kwa matamshi, hasa herufi ngeni kwa ulimi wetu, na kunafaa mwanzoni mtoto anapohitaji kusindikizwa. Kunyoosha 'ain na haa kwa sauti ya pamoja ni jambo jema. Kosa ni kukufanya ndiyo kipimo cha kujua.

Bakora na kumbukumbu

Juu ya hofu nitasema wazi. Mtoto akiogopa, mwili wake humwaga homoni za hatari, moyo unakwenda mbio, na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayotumika kufikiri na kupanga maneno hupungua uwezo. Ndiyo maana mtoto anayeijua Fatiha vizuri nyumbani huibabaika mbele ya ustadh aliyeshika fimbo. Hofu hujenga kumbukumbu pia, tena imara. Tatizo ni kwamba kinachokumbukwa ni fimbo. Waulize watu wazima waliosoma vyuoni zamani: wengi watakusimulia kwa ufasaha jinsi walivyofungwa miguu na kuchapwa, lakini aya waliyochapiwa hawaikumbuki. Kanuni za serikali za mwaka 2002 kwa shule za Tanzania Bara zinaweka ukomo wa viboko vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua. Katika madrasa zetu nani anahesabu? Na baya zaidi, mtoto aliyechapwa kwa kusahau hujifunza kuficha kwamba amesahau, na njia nyepesi ya kuficha ni ile ile ya kujificha ndani ya sauti za wenzake.

Yale ya biashara

Sasa nije kwenye semina. Utaambiwa kuna watoto wa ubongo wa kushoto na wa kulia. Ukweli ni kwamba pande zote mbili hufanya kazi kwa pamoja kwa kila mtoto. Utaambiwa binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Kiungo hiki ni kama asilimia mbili ya uzito wa mwili lakini hutumia kama asilimia 20 ya nguvu yake. Kingekuwa hakifanyi kazi, zinakwenda wapi? Utaambiwa umgawe kila mtoto kwa "mtindo" wake, huyu wa macho, huyu wa masikio. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler walipitia tafiti za mitindo hiyo wakasema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuitumia shuleni. Na ile ya muziki wa Mozart ilianzia kwenye jaribio dogo la mwaka 1993 kwa wanafunzi wa chuo kikuu, athari yake ilidumu dakika kumi hadi kumi na tano. Lakini mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani aliomba fedha za serikali ili kila mtoto mchanga apewe muziki huo! Sisi huko hatukufika, lakini tumekwishalipa ada za semina zisizo mbali na hapo.

Mzazi akiona shule inatangaza mbinu za ubongo, aulize swali moja: mtoto anaulizwa lini yale aliyosoma mwezi uliopita? Wakikosa jibu, ni rangi za ukutani tu.

Hata hivyo tusidhani mema hayawezekani kwetu. Pwani yetu ina mfano wake. Kuanzia mwaka 1986, Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said aliongoza mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, watoto wakajifunza kwa kushika, kucheza na kuuliza, kwa vifaa vya mtaani, huku wakifundishwa dini yao. Baadaye mpango ukafika Zanzibar na Uganda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 katika nchi tatu hizo ulionyesha watoto wa shule hizo walipiga hatua kuliko wa shule nyingine za awali walizolinganishwa nazo.

Kwa wazazi

Kuna sehemu ambayo mwalimu hawezi kuifanya. Usiku mtoto akilala, ubongo wake hupitia yale ya mchana na kuyapanga. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili alale saa tisa hadi kumi na mbili kwa siku. Wangu mimi wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala au basi la shule, wanatoka shule wanakwenda twisheni, wakitoka twisheni wanakuja kwangu madrasa, na usiku wapo mbele ya tamthilia hadi saa tano. Hizo ni saa sita za kulala. Akifika kwangu jioni bila kitu tumboni tangu mchana, anasinzia juu ya msahafu, na mama yake ananiambia mwanangu huyu kichwa kizito. Mama, kichwa si kizito. Mpe uji na umlaze saa mbili.

Nyumbani pia usimwulize "Leo mmesoma nini?" Hilo ni la jana na leo, litajibika. Mwulize la wiki mbili nyuma, umkalishe akufundishe wewe kama vile hujui, na akikwama usimsaidie haraka. Hesabu kimya kimya hadi kumi. Zile sekunde za kukwama ndizo zenye faida.

Liko lalamiko moja linalonifikia kila mwaka, la baba anayesema mtoto wa jirani yuko juzuu ya pili na wangu bado yuko nusu ya Juzuu Amma, ada nalipa ya nini? Simjibu kwa maneno mengi. Nampa msahafu, namwomba afungue sura yoyote ambayo mwanawe amekwishaihifadhi, achague aya ya katikati, kisha mtoto asomewe aya hiyo moja na aendelee mwenyewe. Akimaliza, namwambia baba huyo akirudi mtaani, na kwa ruhusa ya jirani, amfanyie hivyo hivyo na yule wa juzuu ya pili.